Onyesha Mikono, Ndipo Nifungue

Koboko, Uganda
Jumapili, baada ya kufua

Baba yangu, Mzee Salehe,

Shikamoo. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usimsumbue Dada Zuhura akutafutie miwani. Magoti yanaendeleaje? Na sikio la kushoto, bado linakuvumia kelele za mashine za mkonge hata siku ambayo nyumba nzima iko kimya? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, mwili hauna neno. Kilichojaa ni hasira tu. Simu nimeshindwa nayo. Mara ya mwisho nilipiga kelele nikuulize hali mpaka jirani akaja kugonga mlango kunipa pole, akidhani nimefiwa. Kwa hiyo pokea barua, na usome polepole, kwa sababu mwishoni kuna jambo linalokuhusu wewe.

Kazi iliyonitoa Korogwe unaijua: kuwafundisha vijana kuendesha mashine na kutoka nazo wakiwa wazima. Chuo chetu ni karakana moja ya bati kando ya barabara inayokwenda mpakani. Nina wanafunzi sita na mashine moja ya kukamua mafuta ya alizeti na ufuta. Huku ufuta wanauita simsim, na Kiswahili chao kimetoka jeshini na sokoni, kimenyooka, hakina madoido. Mwanzoni walikuwa wakinisikiliza wakicheka, wanasema naongea kama redio. Sasa tumezoeana. Shida haikuwa lugha.

Shida ni adabu, Baba. Umewahi kumsikia mwalimu akilalamika kwamba wanafunzi wake wana adabu kupita kiasi? Basi mwalimu huyo ni mimi, na nimechoka.

Wiki ya kwanza tuliletewa viatu vya usalama, vile vizito vyenye chuma puani. Nikavigawa kwa hotuba. Nilieleza chuma kinavyoanguka, vidole vinavyosagika, nikachora na picha ubaoni. Asubuhi iliyofuata nafika karakana nakuta viatu kumi na viwili vimepangwa mlangoni kwa mstari, vimefutwa vumbi, kama msikitini. Ndani vijana sita wako pekupeku, wanakanyaga vipande vya chuma, mkanda wa mashine unazunguka. Nikashika kichwa. Nikauliza nani amewaambia wavue.

"Mwalimu, ndani mi nafagia," akanijibu Zamzam, tena kwa upole, kama mtu anayenisaidia kuelewa.

Mkumbuke huyu Zamzam, maana barua yote hii ni yake. Ana miaka kumi na tisa, Mnubi wa hapa Koboko, mrefu, mkimya, ana mikono inayosikia mashine kabla masikio hayajasikia. Analelewa na bibi yake, habuba kama wanavyosema, ambaye amewalea yeye na wadogo zake wawili kwa kusuka vifuniko vya chakula vya rangi. Sasa macho ya bibi yamekwisha. Hawezi tena kutofautisha nyekundu na kahawia. Nyumba ile inamtazama Zamzam, na Zamzam analijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Tulipomaliza vita ya viatu ikaja vita ya salamu. Huku mgeni akiingia, kila kitu kinasimama isipokuwa mashine. Wavulana wanavua glavu wanakwenda kumpa mkono, wasichana wanapiga magoti. Siku moja mkulima wa Kuluba alituletea gunia la alizeti. Yule mzee hakufanya kosa lolote, alisema tu "Salaam aleikum." Nikageuka nikaona wasichana wangu wanne wamepiga magoti kwenye sakafu yenye mafuta, wanamuuliza habari za nyumbani, za mihogo, za mbuzi, na nyuma yao mashine inakula alizeti peke yake, hakuna hata jicho moja linaloitazama. Nilipaza sauti mpaka mzee wa watu akarudi nyuma na gunia lake.

Na waajiri nao usiniambie kitu. Nilizunguka Arua siku tatu kutafuta nani atawapokea vijana wangu kwa majaribio. Kila mlango naambiwa wanataka mtu mwenye uzoefu. Sasa uzoefu wataupata wapi kama kila mlango unawataka waje nao? Bwana mmoja alikaa akanihubiria kwamba vijana wa siku hizi hawajui kazi, wanajua simu. Nikamtazama fundi wake aliyekuwa akitupimia mafuta: mkono wa kulia una vidole vitatu. Nikauliza vile viwili viko wapi. Bwana akanijibu bila hata kupepesa, "Aa, huyo iko na uzoefu." Nilitoka bila kuaga, Baba, nisije nikasema neno la kunirudisha Korogwe.

Aliyenikubalia ni Mama Charlotte. Huyu ni Mkongo, aliingia Arua miaka mingi iliyopita na mafurushi ya vitenge kutoka Ariwara, leo ana kiwanda cha kukamua mafuta karibu na soko, na kanisani ndiye anayepanga kwaya. Ana sauti ambayo hata wewe ungeisikia. Akanisikiliza amesimama, akanipa masharti yake.

"Miezi mbili," akasema. "Mutu moja akikatwa kidole, minafukuza wote. Na mutu moja akileta jeuri kwa wazee wangu, minafukuza wote vilevile. Wakimaliza muzuri, wanabaki na kazi. Unasikia, Mwalimu? Sitaki damu, na sitaki jeuri."

Nikasema nimesikia. Sikujua kwamba hayo masharti mawili yangekuja kugongana uso kwa uso.

Sasa nikueleze kanuni yangu, maana ndiyo nguzo ya yote. Mashine ya kukamua huwa inakabwa na mashudu, yale makapi yanayobaki mafuta yakishatoka. Yakiganda ndani, lazima mtu aingize mkono ayatoe. Kabla hajaingiza, msimamizi wa zamu anazima swichi kubwa ukutani, anaipiga kufuli, na ufunguo unakaa mfukoni mwake. Kufuli haifunguliwi mpaka kila aliyekuwa kwenye mashine aje asimame mbele ya msimamizi na kuonyesha mikono yake miwili. Hatutaki "tayari", hatutaki "washa tu". Mikono. Wanafunzi walinipa jina, Mwalimu wa Mikono, wanadhani silijui.

Kanuni waliishika kama aya. Ukimwamsha yeyote kati yao usingizini anaisoma. Kabla ya kuwapeleka Arua nikawafanyia mtihani, kila mmoja kwa siku yake. Nilimwomba mlinzi wetu, mzee wa makamo mwenye mvi za heshima, aingie wakati mashine imefungwa na mwanafunzi mmoja yuko nyuma ya mashine, amwombe ufunguo msimamizi wa zamu, na akiulizwa kuhusu mikono aseme ameiona mwenyewe.

Baba, wote sita walitoa ufunguo. Wote! Na Zamzam, niliyemtegemea, aliutoa kwa mikono miwili, amepiga magoti.

Nilikaa chini kwenye ndoo. Nikamuuliza, kanuni inasemaje? Akaisoma, neno kwa neno. Nikauliza, sasa kwa nini umetoa?

"Mwalimu, mzee nasema yeye naona," akasema. "Mzee akisema naona, mi nakwenda angalia nini tena? Hiyo iko kusema yeye mwongo."

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa mzigo. Kwamba huku mtu mzima akisema nimeona kwa macho yangu, kwenda kuhakikisha ni tusi. Si kwamba hawajui kanuni. Wanaijua, na wanaivunja kwa sababu wamelelewa vizuri. Wewe utalifuta vipi hilo kwa chaki?

Nikaamua kulifuta kwa nguvu. Nilipiga marufuku magoti ndani ya karakana. Nikawasimamisha mstarini kila asubuhi: kichwa juu, macho mbele, sauti kutoka kifuani, sema "Hapana!" Walijaribu, maskini. Adriko, kijana wa Dadamu anayecheka kila kitu, alisema "Hapana!" akaangua kicheko. Wasichana walisema "hapana" wakiutazama ukucha wa mguu. Zamzam sauti yake haikufika hata mlangoni. Nikamrudisha mara ishirini. Nilikuwa mkali, Baba, nakiri, mpaka siku moja machozi yakamlengalenga.

Wiki ile ile bibi yake akaja chuoni akiongozwa na mjukuu mdogo. Nikampa kiti, hakukaa.

"Mwalimu," akaniambia, "mi nakupa mtoto, weye narudisha askari. Jana yeye nasalimia mimi iko simama kama mti ya bendera. Mashine yako nataka nini na magoti ya mtoto wangu?"

Nikamweleza habari za vidole na mikono, taratibu, kwa heshima zote. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Vidole funga na kufuli yako. Magoti wacha." Akaondoka. Nilikasirika siku mbili nzima. Nikasema hawa watu hawataki kusaidiwa.

Basi tukaenda Arua hivyo hivyo. Kiwandani kwa Mama Charlotte fundi mkuu ni Mzee Ramadhan, naye Mnubi wa Koboko, nyumba ya tatu kutoka kwa bibi yake Zamzam. Alikuwapo siku Zamzam anapewa jina. Zamzam anamwita jidi, yaani babu, na ndiye babu aliyebaki kwake. Mzee mwema, lakini kwenye mashine alinitoa jasho. Yeye mashudu huyachokoa kwa kijiti huku mashine inazunguka. Nilipomwonyesha kufuli akacheka: "Hii iko kufuli ya duka. Mashine naibiwa na nani?" Nilipomwambia habari za ajali akainua mikono yake yote miwili. "Angalia. Kumi." Nikamwambia, Mzee, hiyo ni bahati. Akanijibu kwamba bahati ya miaka ishirini na tano inaitwa kazi. Mama Charlotte akacheka sana. Mimi sikucheka.

Hata hivyo aliwaacha vijana wafunge kufuli zao, kama mtu anayeacha watoto wacheze. Wiki tano zikapita salama. Nami kila Alhamisi napanda gari kutoka Koboko kwenda kuwaangalia, na roho mkononi.

Alhamisi ya wiki iliyopita nilifika karibu na adhuhuri. Kiwanda kimejaa. Wachuuzi wa Kongo wamepanga madumu tangu asubuhi, mashine ikakabwa. Zamzam, msimamizi wa zamu, akazima, akapiga kufuli, ufunguo mfukoni. Adriko akazunguka nyuma ya mashine na kulabu. Pale, Baba, mashine imesogezwa karibu na ukuta, ukisimama penye swichi humwoni aliye nyuma. Nimeshalisema mara tatu, hakuna aliyeisogeza. Mashudu yalikuwa yameganda kama saruji, kwa hiyo Adriko akatoka kwenda bombani kuleta maji ya kuyalainisha. Pale bombani Mzee Ramadhan alikuwa akitawadha. Mzee akamwona. Mzee akaenda kuswali, Adriko akarudi kwa mlango wa nyuma, akalala ubavu, akaingiza mkono mpaka begani. Hayo tuliyajua baadaye.

Mzee alipotoka kuswali alikuta mashine imelala na Mama Charlotte yuko mlangoni anawaka.

"Juu ya nini machine inalala? Batu banangoja tangu asubui! Ramadhan, weye ni fundi ao ni sanamu?"

Mzee aliona aibu mbele za watu. Akaenda moja kwa moja kwa Zamzam, akanyoosha kiganja.

"Leta ufunguo."

"Jidi, Adriko bado nakuja," akasema Zamzam.

"Adriko iko inje, kwa maji. Mi naona yeye na macho yangu. Leta."

Nilikuwa nimesimama hatua sita kutoka pale. Baba, sijamwambia mtu huku ninachokuambia wewe. Mimi nilimwamini. Mzee wa mvi, katoka kuswali, amesema ameona. Na nilimwona Mama Charlotte anavyomtazama Zamzam, nikajua neno jeuri limeshamjaa mdomoni. Nikawaza kazi ya yule mtoto, macho ya bibi yake, wenzake watano, wiki tano tulizovuka. Nikasema moyoni, mpe, mwanangu. Leo mpe tu. Na nilipoona magoti yake yanakunjika anakwenda chini, nilishusha pumzi. Mimi niliyeyapiga marufuku nilifurahi kuyaona, kwa sababu nilidhani anashuka ili atoe ufunguo, kama siku ile ya mlinzi.

Akapiga magoti pale kwenye mafuta. Akainamisha kichwa. Akaweka mikono yote miwili juu ya mfuko wenye ufunguo, akasema kwa sauti ile ile anayoamkia wazee:

"Jidi, mi iko chini yako. Macho yako naona sawa, mi sikatai. Lakini ufunguo hapana. Mi nangoja mikono ya Adriko."

"Weye nasema mi naongopa?"

"Hapana, Jidi."

"Basi leta."

"Hapana, Jidi."

"Zamzam! Mi nabeba weye siku ya jina yako!"

"Ndiyo, Jidi. Asante, Jidi. Hapana."

Mama Charlotte akapiga makofi. "Sasa hii ni jeuri gani, ya kupiga magoti?" akauliza, na nadhani kweli alikuwa anauliza, maana hakujua aiweke fungu gani. Mtu anayekutukana hapigi magoti. Mzee naye mkono ulikuwa umeinuka, ukabaki hewani, hauna pa kwenda. Angemfanya nini mtoto aliye tayari chini?

Ndipo tukasikia sauti ikitoka ndani ya mashine.

"Zamzam! Nani iko pigana? Ngoja kidogo, mi nakaribia toa yote!"

Sitaki kukueleza ukimya ule, Baba. Unaujua.

Adriko akatambaa akatoka, mashudu yamempaka mpaka begani, anatabasamu. Akaona watu wamesimama kama msibani. Kwa kuwa yeye ni Adriko, hakuuliza kitu, alikwenda moja kwa moja mbele ya Zamzam akanyoosha mikono yake miwili. Zamzam akaitazama, akaigeuza, akatazama na upande wa pili. Kisha akautoa ufunguo na kumpa Mzee Ramadhan kwa mikono miwili, bado amepiga magoti.

Mzee hakuupokea. Alikaa juu ya gunia la simsim, akatazama mikono yake mwenyewe.

Mama Charlotte alinivuta pembeni. Sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ndogo. "Mwalimu, ile ya magoti, ni weye ulimufundisha?"

Nilitamani sana kusema ndiyo. Nikasema hapana, hiyo ametoka nayo nyumbani.

Akamnyooshea Zamzam kidole. "Huyu anabaki," akasema. "Hata miezi mbili sitangoja. Wale wengine wamalizie kwanza." Akageukia wachuuzi akaanza kuwafokea kwa sababu madumu yameziba njia.

Nilirudi Koboko nimeketi kama gunia. Asubuhi nikaenda kwa bibi yake Zamzam. Nilikuwa nimejipanga kusema mengi, nikajikuta nimepiga magoti hapo uani, mimi mwanamke wa miaka arobaini na moja mwenye vyeti. Akanishika kichwa kukitambua. Akauliza, "Mwalimu, na weye naharibika?" Tukacheka mpaka kikohozi kikamshika. Marufuku nimeifuta. Sasa nikienda Arua tunafanya mazoezi ya kukataa huku tumepiga magoti, na ungewasikia, Baba, hiyo "hapana" inatoka bila kutetemeka. Miezi mitatu nilikuwa nawakata miguu halafu nawalaumu hawasimami.

Viatu bado wanavivua. Hilo tutapambana nalo.

Mzee Ramadhan hakusema na Zamzam siku nzima ya Ijumaa. Zamzam alilia, aliniambia kwenye simu, akasema afadhali angempiga. Jumamosi mashine ikakabwa tena. Mzee akachukua kijiti chake, akakitazama, akakitupa. Akamwambia Zamzam afunge. Akaingiza mkono yeye mwenyewe, akatoa mashudu, akaja akasimama mbele ya yule mtoto, akanyoosha mikono miwili, uso ameugeuzia ukutani. Zamzam akapiga magoti, akaikagua, akafungua.

Wasalimie wote. Dada Zuhura, mwambie ule ukili niliomwomba anitumie kwa mtu yeyote anayepanda basi la Kampala, bibi yake Zamzam anataka kuona ukindu wa kwetu kwa vidole vyake. Mjomba Bakari, fundi wetu wa baiskeli, mwambie avae miwani anapochomelea, na asinijibu kwamba amezoea. Shangazi Mwanamvua wa genge la mbogamboga, nimeota samaki wake wa nazi. Watoto wa Zuhura nibusie, kila mmoja peke yake.

Salamu za mwisho ni za jirani yako na rafiki yako, Mzee Mhina, na hapa ndipo penye lile jambo.

Siku nilipokwenda kumuaga kabla ya kuja huku, alinieleza. Nilikuwa najua tu kwamba mkono wake wa kushoto ulichukuliwa na mashine ya mkonge. Sikujua nani aliyekuwa kwenye swichi. Aliniambia mnyapara alikuja akasema wote wametoka, nimewaona, washa. Na kwamba aliyewasha ni wewe, ukiwa na miaka kumi na tisa. Aliniambia bila kinyongo, Baba, naapa. Aliinua ule mkono uliobaki akasema, "Laiti baba yako angefundishwa kuomba kuona mikono." Kanuni yangu ilizaliwa pale, uani kwake. Sikuitoa kwenye kitabu.

Najua kila Ijumaa unakwenda kumkata kucha za mkono ule mmoja, kwa sababu hawezi kuzikata mwenyewe. Nimekuona ukifanya hivyo tangu nikiwa mdogo, na sijawahi kuwasikia mkilizungumza lile la kiwandani hata siku moja. Nilikuwa nikijiuliza, nami nilikuhukumu kidogo, nisamehe. Nilijiambia mimi nisingewasha. Alhamisi ile nimejua. Mimi mwalimu wa kanuni hiyo, mtu mzima, ningewasha, na Adriko angekuwa na mkono mmoja leo. Usidhani ninakuandikia kama mtu msafi.

Ijumaa ukimaliza kumkata kucha, usiondoke haraka kama kawaida yako. Toa barua hii umsomee. Macho yako bado yanasoma herufi kubwa na masikio yake ni mazima, mtasaidiana. Msomee yote, Baba, hata hapa.

Binti yako anayekuamkia kwa magoti,
Mwanaidi